Sheikh Al-Amin Mazrui: Yatima aliyewafunza Waislamu kutunza mali

Sifa zote njema zinamstahiki Mwenyezi Mungu, Mola Mlezi wa viumbe vyote, Mwenye kumkunjulia riziki amtakaye na kumkadiria amtakaye. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, masahaba zake na wote wanaofuata njia yao kwa wema mpaka Siku ya Malipo. Ama baada ya hayo.

Ndugu Waislamu, anayetoka katikati ya jiji la Arusha kwa barabara kuu ya Namanga hupita Sakina, mahali penye makazi mengi ya familia chini ya Mlima Meru. Jina hilo linalingana na neno la Kiarabu tunalolikuta ndani ya Qur'ani Tukufu, katika Surat Al-Fat'h, aya ya nne, ambako Mwenyezi Mungu anatueleza kwamba ndiye aliyeteremsha utulivu katika nyoyo za waumini. Hakuna nyumba isiyoutamani utulivu huo. Lakini mwezi unapoelekea mwisho, katika nyumba nyingi za Sakina, kama ilivyo Ngarenaro, Kaloleni na kwingineko, utulivu ndio wa kwanza kutoka mlangoni.

Juu ya meza zimewekwa kadi za mchango wa harusi, moja ya mtoto wa jirani, nyingine ya mfanyakazi mwenzake baba, ya tatu ya binamu yake mama. Ada ya shule haijakamilika. Kodi ya nyumba inakaribia. Baba amekwishaahidi mchango mkubwa kwa sababu jina lake lilisomwa mbele ya kamati, na mama amekwishachukua kitambaa cha sare kwa mkopo. Hakuna aliyekula haramu wala aliyekunywa kilevi. Kila mmoja amefanya lile ambalo watu hulisifu. Hata hivyo usiku ule mume na mke hawasemezani.

Katika rafu ya nyumba kama hiyo aghalabu hukosi kukuta tafsiri ya Qur'ani ya Sheikh Abdalla Saleh Farsy, iliyochapwa mwaka 1969 na kuenea Afrika Mashariki nzima. Miongoni mwa walimu wa Sheikh Farsy alikuwamo mwanachuoni wa Mombasa aliyeona mapema kuliko wengi jinsi nyumba ya Kiislamu inavyoweza kubomoka huku wenyewe wakipigiwa vigelegele. Huyo ni Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, Mwenyezi Mungu amrehemu. Leo tutayapitia maisha yake kwa ufupi, tukitazama zaidi yale aliyojifunza na kuyafunza juu ya mali.

YATIMA KATIKA UKOO ULIOPOTEZA ENZI

Sheikh Al-Amin alizaliwa Mombasa mwaka 1891. Baba yake, Sheikh Ali bin Abdallah Mazrui, alikuwa mwanachuoni mkubwa aliyejulikana pwani yote. Lakini mwaka 1894 baba huyo alifariki dunia, na mtoto akabaki yatima akiwa bado hajafikia umri wa kuanza kusoma.

Ukoo aliozaliwa ndani yake ulikuwa na jina kubwa kuliko mali. Wamazrui ndio waliokuwa watawala wa Mombasa kwa karibu miaka mia moja, mpaka Sayyid Said bin Sultan alipouteka mji huo mwaka 1837. Baada ya hapo matawi ya ukoo yalihamia Takaungu na Gazi. Na huyu mtoto alipokuwa na umri wa kama miaka minne, mwaka 1895, jamaa zake wakiongozwa na Sheikh Mbaruk bin Rashid waliinuka kupigana na Waingereza. Walishindwa, na mwaka 1896 Mbaruk na wafuasi wake wakavuka mpaka kuingia Tanganyika iliyokuwa chini ya Wajerumani. Mashamba yao yaliyobaki nyuma yakaingia katika mikono ya serikali.

Fikiri, ndugu msomaji, mtoto anayekua katika mazingira hayo. Anasikia habari za mababu waliokuwa na ngome, majahazi na mashamba, naye hana baba. Mafunzo ya namna hiyo hayapatikani katika kitabu. Humfundisha mtu mapema kwamba mali na heshima ni vitu vya kupita, na kwamba jina la ukoo halilishi mtoto wala halilipi deni.

Mwenyezi Mungu hakumwacha. Alilelewa na kusomeshwa na jamaa yake, Sheikh Sulaiman bin Ali Mazrui, ambaye naye alikuwa mwanachuoni. Qur'ani inawaagiza wasimamizi wa mayatima, katika Surat An-Nisaa, aya ya sita, wawajaribu mayatima mpaka wafikie umri wa kuoa, na wakiona wamepata busara ya kusimamia mali ndipo wawakabidhi mali zao. Jambo hili lina hekima kubwa. Utu uzima pekee haukutajwa kuwa unatosha. Imetakiwa busara, na busara hiyo hujulikana kwa majaribio. Yaani mtoto hapewi fungu lake siku moja akaambiwa sasa wewe mkubwa. Hupewa kidogo akatazamwa, akakosea, akasahihishwa. Hayo ndiyo mafunzo ya mali kwa njia ya maisha, nayo yamewekwa na Mola wetu mwenyewe.

ELIMU YA UNGUJA

Kijana Al-Amin alivuka bahari kwenda Unguja, ambako siku hizo elimu ilikuwa imestawi. Huko alisoma kwa Sayyid Ahmed bin Sumeit na kwa Sheikh Abdalla Bakathir, wanavyuoni wawili ambao sifa zao zilifika Hadhramaut na Hijazi, na ambao wote walifariki mwaka 1925. Aidha, alikuwa msomaji wa majarida yaliyotoka Misri, hasa Al-Manar la Sheikh Rashid Rida, yaliyokuwa yakiwaita Waislamu waamke, wasome dini yao sawasawa, wasome pia elimu za dunia, na waache mila zilizowadhoofisha.

Aliporejea Mombasa alikuwa na elimu ya kitabu. Lakini macho yake yalikuwa wazi pia mitaani, na yale aliyoyaona mitaani ndiyo yaliyompa kalamu yake ukali.

MJI ULIOUZA MASHAMBA YAKE

Ili tuelewe aliyoyaona, inafaa tueleze hali ya mambo. Utajiri wa watu wakubwa wa pwani katika karne ya kumi na tisa ulisimama juu ya mashamba ya minazi na nafaka, na mashamba hayo yalilimwa na watumwa. Mwaka 1907 utumwa ulifutwa kisheria katika pwani ya Kenya. Ilikuwa haki ifutwe. Lakini wengi waliokuwa wakiishi kwa jasho la wengine walijikuta hawana ujuzi wa kazi wala desturi ya kuhesabu. Pato lilipungua, matumizi yakabaki yaleyale.

Mwaka uliofuata, 1908, serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kusajili hati za ardhi pwani. Mwenye shamba au kiwanja alitakiwa athibitishe madai yake apewe cheti. Cheti kikawa na pande mbili. Kilimlinda mwenye mali, lakini pia kilimrahisishia kuiuza na kuiweka rehani. Wakati huohuo reli ya Uganda, iliyoanza kujengwa mwaka 1896 na kufika Ziwa Victoria mwaka 1901, pamoja na bandari ya Kilindini, vilipandisha thamani ya ardhi ya Mombasa. Wanunuzi wakawa wengi, na fedha taslimu ikawa mkononi kwa haraka.

Palikuwa na njia nyingine iliyozoeleka pwani, nayo ni bei ya khiyari. Mwenye shamba akihitaji fedha alimwendea mwenye mtaji. Kwa kuwa mkopo wa riba ni haramu, waliandikiana kwamba shamba limeuzwa, ila muuzaji ana hiari ya kulirudisha akileta fedha ileile ndani ya muda maalumu. Katika muda huo aliendelea kukaa juu ya shamba lake akilipa kodi. Kwa jina yalikuwa mauziano, kwa uhalisia lilikuwa deni, na ile kodi ilishika nafasi ya riba. Muda ukipita bila kulipa, shamba lilikwenda moja kwa moja.

Sasa swali ni hili: fedha zilizopatikana kwa kuuza na kuweka rehani zilikwenda wapi? Laiti zingenunua jahazi, zingefungua duka au zingesomesha watoto, mali ingekuwa imebadilika sura tu. Lakini nyingi zilikwenda katika kula. Zilikwenda katika harusi za siku nyingi zilizoshindana kwa mavazi na ngoma. Zilikwenda katika matanga, ambako wafiwa walilisha mamia ya watu siku baada ya siku. Mnazi huchukua miaka kuzaa na huzaa kwa miongo mingi, na kumbe ungeweza kuliwa wote katika usiku mmoja wa sherehe.

UKURASA WA MWAKA 1930

Mwaka 1929 mambo mawili yalitokea. Reli iliyotoka Moshi ilifika Arusha. Kwa kuwa njia ya Moshi ilikuwa imekwisha kuunganishwa na Voi, mtu wa hapa aliweza kufika Mombasa kwa treni, na Mombasa na Meru zikawa jirani kuliko zamani. Mwaka huohuo uchumi wa dunia ulianguka. Bei za mazao zilishuka, mbata ya pwani pamoja na kahawa ya bara. Aliyekuwa amekopa akitegemea mavuno akajikuta deni limebaki lilelile na mavuno hayana bei.

Katika dhiki hiyo, mwaka 1930, Sheikh Al-Amin alianza kutoa gazeti dogo la kila wiki aliloliita Sahifa, jina lenye maana ya ukurasa. Aliliandika kwa Kiswahili ili limfikie mtu wa kawaida, si mwanachuoni peke yake. Mwaka 1932 alitoa gazeti jingine, Al-Islah, yaani Matengenezo, lililotumia Kiswahili na Kiarabu. Baadaye makala za Sahifa zilikusanywa katika kitabu kiitwacho Uwongozi, kilichotoka mwaka 1944. Hivyo basi, hata kurasa za dini tunazozisoma Ijumaa katika magazeti ya Kiswahili zina babu, na babu huyo ni ule ukurasa wa Mombasa.

Jambo la ajabu katika maandishi hayo ni upande alioelekeza lawama. Ingekuwa rahisi kuwalaumu Waingereza waliotawala, au wenye mitaji walionunua mashamba, na wasomaji wangemshangilia. Yeye aliwatazama Waislamu wenyewe. Aliwakemea kwa uvivu, kwa mafarakano, kwa kupuuza elimu, kwa kuiga mambo ya wageni bila kuchagua lenye manufaa, na kwa kufuja mali. Harusi na matanga yaliyowafilisi watu aliyahesabu kuwa ni adui aliye ndani ya nyumba. Aliwahimiza wafanye biashara, wasomeshe watoto wa kiume na wa kike, na wasiiuze ardhi kwa ajili ya fahari ya siku chache.

Watu hawakulipenda jambo hili wote. Kumwambia mtu apunguze harusi ya binti yake ni kugusa heshima yake. Kumwambia asipike tanga la baba yake ni kuonekana unamdharau marehemu. Lakini Sheikh alijua yanayotokea baada ya wageni kuondoka, kwani ndiye aliyekuwa akiletewa hesabu.

MBELE YA KADHI

Mwaka 1932 aliteuliwa kuwa Kadhi wa Mombasa, na mwaka 1937 akawa Kadhi Mkuu wa Kenya, cheo alichobaki nacho mpaka mwisho wa uhai wake. Kazi ya kadhi ni ndoa, talaka na mirathi. Kwa maneno mengine, kadhi huona nyumba katika siku zake tatu ngumu kuliko zote: inapofungwa, inapovunjika na inapogawanywa. Mtu anaweza kuwaficha majirani hali yake ya fedha kwa miaka thelathini. Siku ya mirathi hakuna kinachofichika.

Tutazame utaratibu wenyewe, kwani wengi wetu tunausikia bila kuufikiri. Muislamu akifariki, kwanza hutolewa gharama za maziko. Pili hulipwa madeni yake. Tatu hutimizwa wasia wake, usiozidi theluthi moja. Kinachobaki ndicho mirathi. Mwenyezi Mungu anatukumbusha katika Surat An-Nisaa, aya ya 11 na ya 12, kwamba mafungu yote hayo ni baada ya wasia na deni. Mrithi hatangulii mbele ya mdai, hata akiwa mtoto anayenyonya.

Tupige mfano wa hesabu kwa fedha za leo. Mtu ameacha mke, mtoto mmoja wa kiume na mabinti wawili. Baada ya maziko, mali yake ni shilingi milioni 32, wala hana deni. Mke atapata thumni, yaani milioni 4. Milioni 28 zinazobaki zitagawanywa kwa watoto, mwanamume fungu la wanawake wawili: kijana milioni 14, na kila binti milioni 7. Kwa kiasi hicho mjane anaweza kuanza biashara ndogo, na watoto wanaweza kumaliza shule.

Sasa mtu yuleyule, mwenye mali ileile, ameacha deni la milioni 24 alizokopa kidogo kidogo kwa miaka mitano, kwa ajili ya sherehe, sare na michango. Zinabaki milioni 8. Mke anapata milioni 1. Kijana anapata milioni 3 na nusu. Kila binti anapata milioni 1 na laki saba na nusu. Na kwa kuwa mali yenyewe ni nyumba, nyumba itauzwa. Waliokula pilau ya sherehe zile hawamo katika orodha ya warithi wala ya wadai. Walioilipia ni yatima.

Hapo ndipo tunapoelewa kwa nini mtoto aliyefiwa na baba akiwa mdogo, alipokuwa kadhi, hakuliona suala la matumizi ya nyumbani kuwa dogo. Ufujaji kwake haukuwa tu tabia mbaya ya mtu na fedha zake. Ulikuwa ni kula mali ya yatima kabla hajawa yatima.

SI UBAHILI

Ndugu zangu, asije mtu akadhani kwamba tunahubiri ubahili. Uislamu umeweka njia ya katikati. Katika Surat Al-Furqan, aya ya 67, waja wa Mwingi wa Rehema wanasifiwa kwamba wanapotoa hawafanyi israfu wala hawabani, bali huwa kati na kati. Katika Surat Al-Israa, aya ya 29, tumekatazwa kuufunga mkono shingoni na tumekatazwa vilevile kuukunjua wote, tusije tukabaki tukilaumiwa na kujuta.

Hind binti Utba (R.A.) alipomlalamikia Mtume (S.A.W.) kwamba mumewe Abu Sufyan hampi matumizi ya kumtosha, Mtume alimruhusu achukue katika mali ya mumewe kiasi kinachomtosha yeye na watoto wake kwa wema. Basi baba anayeinyima nyumba yake chakula na mavazi kwa jina la kuweka akiba, naye ana makosa. Aidha, mali ya mke ni yake. Mume hana haki ya kuichukua bila ridhaa yake.

Harusi pia ina karamu yake. Mtume (S.A.W.) alimwagiza Abdurrahman bin Auf (R.A.) afanye walima japo kwa kondoo mmoja. Ni sunna ya furaha na shukrani, na kipimo chake ni uwezo wa mtu. Ama msiba, sunna yake ndiyo imepinduliwa kabisa. Jaafar bin Abi Talib (R.A.) alipouawa katika vita vya Muuta, mwaka wa nane Hijria, Mtume aliwaagiza watu wawapikie jamaa za Jaafar, kwa kuwa wamefikwa na jambo la kuwashughulisha. Jirani ndiye anayempikia mfiwa. Katika miji yetu mara nyingi mfiwa ndiye anayempikia jirani, na mjane anaanza eda yake akiwa na deni la mchele.

TUANZIE NYUMBANI

Tunaweza kuchukua nini katika maisha ya Sheikh huyu kwa nyumba zetu za leo, Sakina na kwingineko?

La kwanza, deni liandikwe na lijulikane. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 katika Surat Al-Baqarah, inazungumzia kuandika deni na kuweka mashahidi. Daftari moja la nyumba linatosha. Upande mmoja tuandike tunachodaiwa, upande wa pili tunachodai. Mume na mke wote walijue. Wapo wajane wengi waliopata habari ya deni la nyumba siku ya tatu ya msiba, kutoka kwa mtu wasiyemfahamu aliyesimama mlangoni na karatasi. Katika nchi yetu mirathi nyingi hupitia Mahakama ya Mwanzo, na msimamizi asiye na maandishi hupata taabu kubwa kuwatetea watoto.

La pili, kabla ya kukopa kwa ajili ya sherehe tujiulize nani atalilipa deni hilo tukifa kesho. Mtume (S.A.W.) alijizuia kumsalia maiti aliyekuwa na deni lisilo na cha kulilipia, mpaka Abu Qatada (R.A.) alipolibeba. Na ile mikopo ya haraka yenye riba, ambayo mitaani huitwa kausha damu, jina lake limekwisha kujieleza. Mwaka 1930 watu wa pwani waliipamba riba kwa jina la mauziano. Nasi tusiipambe kwa jina la huduma.

La tatu, michango ya harusi ipangiwe fungu lake mwanzo wa mwezi, baada ya chakula, kodi, ada na zaka kwa aliyefikiwa nayo. Fungu likiisha, limekwisha, na anayeomba aambiwe kwa upole. Anayemchangia ndugu yake kwa kukopa hajamsaidia. Amehamisha tu shida kutoka nyumba moja kwenda nyingine. Wakati huohuo wazazi wanaooza wawe na ujasiri wa kufanya walima wa kiasi chao. Mmoja akianza katika mtaa, wengine wengi waliokuwa wakiogopa watapata pumzi.

La nne, watoto wafunzwe kwa majaribio, kama Qur'ani ilivyoagiza kwa mayatima. Binti wa miaka kumi na miwili anaweza kupewa fedha za mboga za wiki moja aende sokoni, arudi na hesabu. Kijana anaweza kupewa kuku watano awatunze na kuuza mayai. Watakosea. Ni bora akosee kwa shilingi elfu tano wewe ukiwa hai kuliko kwa kiwanja ukiwa kaburini.

La tano, tuache kitu nyuma yetu. Saad bin Abi Waqqas (R.A.) alipougua na kutaka kuitoa mali yake nyingi sadaka, Mtume (S.A.W.) alimwekea mpaka wa theluthi, naye akasema hata theluthi ni nyingi, akamfahamisha kwamba kuwaacha warithi wakijitosheleza ni bora kuliko kuwaacha wakiwanyooshea watu mikono. Ikiwa hata sadaka imewekewa mpaka kwa ajili ya warithi, sembuse sare na mapambo ya ukumbi?

ALICHOKIACHA

Sheikh Al-Amin alifariki Mombasa mwaka 1947, akiwa na umri wa kama miaka hamsini na sita. Aliacha Madrasa ya Al-Ghazali aliyoianzisha mjini humo, vitabu vya dini kwa Kiswahili, kazi ya kuifasiri Qur'ani ambayo mauti yaliikatiza, na wanafunzi walioeneza mafunzo yake Kenya, Zanzibar na Tanganyika. Miongoni mwao ni Sheikh Muhammad Kassim Mazrui na Sheikh Abdalla Saleh Farsy, aliyefariki mwaka 1982 na ambaye tafsiri yake tumeitaja mwanzoni.

Aliacha pia mtoto wa miaka kumi na minne, Ali. Yatima wa mwaka 1894 sasa aliacha yatima wake mwenyewe. Kijana huyo alianza kazi kwa ukarani, akapata nafasi ya kwenda kusoma ng'ambo, na hatimaye akawa Profesa Ali Mazrui, aliyejulikana katika vyuo vikuu vya dunia nzima mpaka alipofariki mwaka 2014 na kurudishwa kuzikwa Mombasa, katika makaburi ya ukoo wake karibu na Ngome ya Yesu. Ile ngome ambayo mababu zake waliipoteza sasa ni mahali pa watalii. Elimu waliyorithishana baba na mwana haikupotea, wala haikuwekwa rehani.

Ndugu Waislamu, tutakaporudi majumbani baada ya swala ya leo, tukae mume na mke na daftari moja katikati yetu. Tujihesabu leo kwa hiari yetu, kabla ya siku ambayo wengine watatuhesabia. Huenda utulivu ulioondoka mlangoni ukarudi.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu amrehemu Sheikh Al-Amin na wanavyuoni wetu wote waliotangulia, atuepushe na uzito wa deni, atupe riziki ya halali na busara ya kuitumia, na awajaalie watoto wetu wasiwe mzigo kwa watu baada yetu. Amin.